Goti Lako Halijaishiwa Mafuta

Wiki hii wamefika watatu. Wa mwisho alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, kapanda daladala mbili kutoka Mbagala, bahasha ya eksirei kwapani. Hata kuketi hajaketi, ameshaanza: "Mwanangu, magoti yangu yamekwisha mafuta. Nasikia kuna sindano ya kuyarudisha. Basi nichome." Kwa miezi minane alikuwa akila bamia karibu kila siku, akinywa supu ya kongoro, na sokoni alishaacha kwenda kwa miguu ili ayatunze mafuta yaliyobaki. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Nilipomwomba ainuke, alishindwa bila kujisukuma kwa mikono. Mapaja yalikuwa yamesinyaa kwa kukaa.

"Mafuta yameisha" naisikia tangu nianze kazi hii ya fiziotherapia, na sehemu kubwa ya lawama ni yetu sisi watu wa afya. Tunaitamka kwa sababu ni njia ya mkato ya kumweleza mgonjwa akiwa amesimama mlangoni na foleni ni ndefu. Nawaomba wenzangu tuiache. Mgonjwa akiisikia anajenga picha ya injini iliyokauka, na mwenye akili timamu haendeshi injini iliyokauka. Analizima gari.

Ndani ya goti kuna ute, na hata kwenye goti zima kabisa ni mililita chache tu, haujazi kijiko cha chai. Unatengenezwa na utando wa ndani wa kiungo kutokana na damu yako mwenyewe, na hubadilishwa muda wote ungali hai. Tena goti lililosagika mara nyingi lina ute mwingi kuliko goti zima. Ule uvimbe laini juu ya pia ya goti, unaoubonyeza upande huu ukatokeza upande ule, ni ute uliozidi. Ubora wake ndio ulioshuka: umekuwa mwepesi kama maji. Nimewahi kuwapokea watu waliokwisha kuvutwa maji gotini kwa sindano, na bado wanashikilia kwamba goti limekauka.

Na hiyo eksirei? Ute hauonekani kwenye eksirei. Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, nalo halionekani. Tunachokiona ni mifupa na nafasi iliyo kati yake. Nafasi ikipungua tunakisia kwamba gegedu limepungua. Wapige picha watu wa miaka hamsini na zaidi ambao hawana maumivu yoyote, utakuta baadhi yao wana vinundu vya mfupa magotini na wanapanda ngazi bila shida. Ndiyo maana mgonjwa akinionyesha bahasha, naiweka pembeni kwanza na kumwomba atembee.

Bamia ni mboga nzuri, ile. Ila ute wake ni nyuzinyuzi, unaishia tumboni, na hakuna mfereji unaoutoa utumboni kuupeleka gotini. Kongoro nayo inameng'enywa kama nyama nyingine.

Jambo ambalo natamani kila mtu alijue ni hili: gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake linakipata kupitia ule ute, na ute unaingia na kutoka pale unapolikanyagia na kuliachia, kama dodoki linavyobanwa likatoa maji, likiachiwa linanyonya. Ukikaa miezi minane "kuyatunza mafuta", umelinyima gegedu chakula na umeyadhoofisha mapaja yaliyokuwa yakilipunguzia mzigo.

Imani hii ya mafuta ndiyo mama wa nyingine zote, maana kilichoisha lazima kijazwe, na wauzaji wa kujaza wapo.

Ya kwanza ni ile inayoitwa sindano ya mafuta, asidi ya hayaluroniki, kile kitu kinachoupa ute uzito wake, ambayo ilianza kwa kutolewa kwenye kile kilemba chekundu cha kichwani mwa jogoo. Mwaka 2022 BMJ, jarida la tiba la Uingereza, lilichapisha uchambuzi wa majaribio 169 yenye watu zaidi ya 21,000. Nafuu iliyopatikana zaidi ya ile ya sindano bandia, isiyo na dawa, ilikuwa ndogo kiasi kwamba mgonjwa asingeitambua maishani mwake, na madhara makubwa yalijitokeza zaidi kwa waliochomwa dawa yenyewe.

Ya pili ni PRP: unatolewa damu, inazungushwa kwenye mashine mpaka chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikusanyike, kisha unachomwa mahali panapouma. Wanaoiuza husema inaotesha gegedu. Huko Australia walichukua watu 288 wenye goti lililosagika kidogo au kiasi, nusu wakachomwa PRP na nusu maji ya chumvi, sindano tatu, moja kila wiki, bila kujua nani kapata nini. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Baada ya miezi 12 hakukuwa na tofauti ya maana, si kwenye maumivu wala kwenye ujazo wa gegedu uliopimwa kwa MRI, picha ya mashine ya sumaku. Mwaka huohuo Uingereza walitoa matokeo ya kano ya kisigino, ule mshipa mgumu unaounganisha msuli na mfupa, kwa watu 240, na PRP haikuishinda sindano bandia. Yapo majaribio madogo yenye habari njema zaidi, nayajua na nimeyasoma. Lakini mtu anapoambiwa "gegedu litaota", anaahidiwa kitu ambacho majaribio makubwa yamekitafuta na kukikosa.

Seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, ndizo zinazoninyima usingizi, kwa sababu ya bei. Nimekaa na familia iliyokuwa inapanga kuuza kiwanja ili baba apelekwe nje ya nchi kuchomwa seli gotini. Mwaka 2023 Wamarekani walitoa matokeo ya watu 475: seli za aina tatu, kutoka kwenye uboho, kwenye mafuta ya mwili na kwenye kitovu cha mtoto mchanga, zikilinganishwa na sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Mwaka mmoja baadaye hakuna aina iliyoipita steroidi. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha seli shina za aina yoyote kwa maumivu ya viungo. Na mwaka 2018 ilitolewa taarifa hukohuko ya watu 12 waliolazwa kwa maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa za damu ya kitovu. Kiwanja kisiuzwe.

Steroidi yenyewe? Sindano moja kutuliza goti lililovimba, ili mtu aweze kuanza mazoezi, sina ugomvi nayo. Kuifanya ada ya kila miezi mitatu, hapana. Wagonjwa 140 walifuatiliwa kwa miaka miwili hivyohivyo. Waliochomwa steroidi walipoteza gegedu zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana.

"Goti linalia," wengine huniambia, yaani linatoa mlio likikunjwa. Kama halikuumi linapolia, liache lilie.

"Nipumzike mpaka kano ipone." Siku chache, sawa. Kano iliyochoka kwa muda mrefu haiponi kwa kulazwa. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake kule Sweden waliwapa wakimbiaji 15 wenye maumivu sugu ya kano ya kisigino kazi moja: kusimama ukingoni mwa ngazi na kushusha kisigino polepole, seti 3 za mara 15 goti likiwa limenyooka na seti 3 nyingine likiwa limekunjwa kidogo, mara mbili kwa siku, kila siku, wiki 12. Wote 15 walirudi kukimbia. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini tangu hapo kuipa kano mzigo kidogo kidogo ndiyo msingi wa tiba yake. Ngazi haiuzwi kwenye boksi, labda ndiyo maana hakuna anayeitangaza.

Kwa goti, mimi nina kiti. Wagonjwa wangu wote wanajua nitawaambia kiti, na nitaendelea kuwaambia. Kiti kigumu kisicho na magurudumu, kimeegemea ukuta. Mikono ifumbate kifuani, inuka, kisha shuka polepole ukihesabu mpaka tatu, usijitupe. Ukishindwa, weka mto juu ya kiti kwanza. Mara 10, pumzika, rudia mpaka seti 3, siku moja ndiyo siku moja hapana. Utasikia maumivu kidogo, na hayo yanaruhusiwa mradi kesho asubuhi yawe yamerudi pale yalipokuwa. Yakizidi, punguza idadi, usiache. Kipe kiti wiki 12, si siku tatu. Na kama uzito umezidi, kila kilo moja unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua.

Usiguse kiti iwapo goti limevimba ghafla, ni jekundu na la moto, na una homa. Iwapo limekwama halikunjuki. Iwapo umeanguka na huwezi kulikanyagia. Au iwapo shavu la mguu mmoja limevimba na linauma. Hapo nenda hospitali leo hii.