Chai za mitishamba: tunayoambiwa Mwaloni na ukweli wake

Pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ukishapita meza za dagaa ukafika kwa wauza mitishamba, hukosi kuambiwa: "Mwanangu, hii ni malaria, presha na kichocho." Kikombe kimoja, magonjwa matatu. Sisemi kwa dharau; mimi mwenyewe asubuhi bila mchaichai na tangawizi siamki vizuri.

"Artemisia ndiyo iliyomo kwenye vidonge vya malaria, basi chai yake inatosha." Hili ndilo gumu, maana nusu yake ni kweli. Sehemu ya dawa mseto tunayopewa zahanati asili yake ni mmea huo. Lakini Tu Youyou, mwanasayansi wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alifanikiwa mwaka 1971 baada ya kuachana na kuchemsha. Aling'amua kwamba moto unaua nguvu ya dawa, akaikamua kwa etha, kimiminika cha maabara, katika joto la chini. Sisi tunaibandika jikoni hadi ikolee! Dawa inayobaki kikombeni ni kidogo, na leo si sawa na jana. Homa inaweza kushuka huku vimelea vimebaki. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo, si kwa kutibu malaria wala kwa kujikinga. Mtoto akichemka usiku, apelekwe akapimwe.

"Mwarobaini huua kichocho." Hapana. Minyoo ya kichocho hukaa ndani ya mishipa ya damu, na dawa yake ni prazikwanteli. Ukirudi ziwani kufua au kuvua unaweza kuambukizwa tena, hata ukinywa chungu namna gani. Mjamzito ndiye asiuguse kabisa mwarobaini.

"Choya (rozela) hushusha presha." Kweli, kwa kiasi. Shida ni anayetupa vidonge vyake, au anayetumia vyote viwili kimyakimya bila daktari kujua.

Tangawizi kwa kichefuchefu cha mimba? Hapo bibi zetu walipatia.

Na mlonge. Watu huchemsha majani, wakachuja, wakayamwaga, wakidhani vitamini A imebaki kwenye chai. Haiyeyuki majini, imekwenda na makapi. Yapike kama mboga, tia mafuta kidogo, na kwa kuwa ulishapita Mwaloni, dagaa unao.