Ujenzi unaohimili tabianchi: sera ya mipango inagusa nini kwenye nyumba yako

Ofisa mipango miji akitaja "ujenzi unaohimili tabianchi na wenye hewa ukaa kidogo", anazungumzia mambo mawili yanayopaswa kukaa katika kibali kimoja cha ujenzi. La kwanza, nyumba isizame, isiezuliwe paa, wala isigeuke tanuri kwa wanaolala ndani, hata mvua na joto vikizidi tulivyozoea. La pili, vifaa vilivyoijenga na umeme inaoutumia visimwage angani hewa ukaa nyingi, ile inayozidisha joto la dunia. Sera ya mipango ya eneo huyaamua hayo mapema, kwa kiwanja, kwa mtaa na kwa bonde zima.

Uzito uko kwenye hilo neno "mapema". Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na familia nyingi za Bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Tayari kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kilikuwa kimekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Lakini watu walishajenga humo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa bonde hilohilo, ambao ndani yake kuna kuhamisha watu kwa fidia na kujenga daraja jipya Jangwani.

Maji hayajui mpaka wa kiwanja, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Chukua mtu aliyenunua kiwanja karibu na mfereji. Analeta malori ya kifusi, anainua kiwanja, anazungusha ukuta wa bloku, kisha anamwaga zege uwanja mzima. Nyumba yake imepona. Masika yakifika, maji yaliyokuwa yakinywewa na ule mchanga yanashuka kwa mama wa nyumba ya chini, ambaye ameshajenga kikuta cha tofali tatu mlangoni na godoro lake analipandisha juu ya kabati kila wingu likitanda. Ukutani kwake mistari ya tope imepangana, mmoja juu ya mwingine. Ukipima kiwanja kimoja, yule wa juu amejenga vizuri; ukipima mtaa, amehamisha mafuriko tu. Kwa hiyo sera inauliza: ni sehemu gani ya kiwanja itafunikwa, ardhi gani itaachwa wazi inywe maji, na maji ya paa yataelekea wapi?

Hewa ukaa nayo inaanzia kwenye mfuko wa saruji. Mawe ya chokaa huchomwa kwenye tanuri la nyuzi joto 1,450 hivi, na mbali na moshi wa moto, mawe yenyewe hutoa hewa ukaa yanapoungua. Hata ukipata moto usio na moshi, hiyo bado inatoka. Sasa ona mgongano: kuhimili mafuriko kunadai msingi mrefu, na msingi mrefu unakula saruji, nondo na kokoto. Kwa maoni yangu jibu la kweli ni mahali. Nyumba isiyojengwa kwenye njia ya maji haihitaji kunyanyuliwa.

Kwenye joto sera haihitaji vifaa vya ajabu. Weka kiganja kwenye ukuta unaotazama magharibi saa kumi na moja jioni mwezi wa Februari, utaelewa kwa nini pande ndefu za nyumba zinafaa kutazama kaskazini na kusini. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Ilala ilikuwa na baraza mbele na ukumbi katikati uliopitisha upepo mpaka uani. Jengo la vioo linaishi kwa kiyoyozi kutwa, na sehemu ya umeme wetu inatokana na kuchoma gesi.

Sheria ya Mipango Miji ya 2007 imezipa halmashauri mamlaka ya kupanga. Ugumu ni kwamba wakazi wengi wa jiji wanaishi kwenye makazi yaliyojengwa bila kupangwa, ambako nyumba nyingi hazikupitia kibali. Huko mlango wa sera ni urasimishaji, yaani kupanga na kupima viwanja vya makazi hayo ili vitambuliwe kisheria. Siku majirani wanapokaa na serikali ya mtaa kukubaliana nani aachie mita ngapi za barabara, siku hiyohiyo wakubaliane na mita za mfereji, kabla mawe ya mpaka hayajachimbiwa.

Anayenunua kiwanja leo aombe kuona mchoro wa mipango miji uliopitishwa, atazame mkondo wa maji na eneo la wazi vimechorwa wapi, kisha aende kiwanjani mwenyewe mwezi wa Aprili, mvua ikiwa inanyesha.