Tiba shufaa ni nini hasa, mbona hata wahudumu wa afya wanaichanganya?

Muulize daktari au nesi wa hospitali ya umma tiba shufaa ni nini, wengi watakwambia ni ya yule mgonjwa wa kansa aliyefika mwisho, yani sisi tumeshindwa sasa apelekwe shufaa. Neno wanalijua vizuri tu, ila wamelipa maana ya kifo, na shida inaanzia hapohapo.

Tiba shufaa (wengine wanaiita huduma nyororo) ni kumpunguzia mateso mtu mwenye ugonjwa mzito unaotishia maisha, yeye na familia yake. Inaanza siku ugonjwa unapogundulika, sio siku dawa zimegoma, na inaenda sambamba na mionzi, kemo, ARV, dayalisisi, chochote anachotibiwa nacho. Wala sio kansa peke yake, moyo uliochoka, figo, mapafu, kiharusi, hata watoto wachanga wenye kasoro kubwa, wote wamo. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2010 kwa wagonjwa wa kansa ya mapafu, walioanzishiwa shufaa mapema waliishi muda mrefu kidogo kuliko waliopewa matibabu ya kawaida tu, kwahiyo ile ya kusema "tukimwita mtu wa shufaa tutamkatisha tamaa mgonjwa" haina mashiko.

Sasa mateso yenyewe ni yapi? Cicely Saunders, aliyeanza kama nesi, akawa afisa ustawi wa jamii, halafu akasomea udaktari na mwaka 1967 akafungua hospisi (nyumba ya kuwahudumia wagonjwa mahututi) ya St Christopher's kule London, alisema maumivu yana pande nne: mwili, akili, jamii na roho. Chukulia mama analia kila usiku wodini, dozi ya dawa ya maumivu imepandishwa mara mbili na bado analia, kumbe hakuna aliyekaa kitandani kwake kumuuliza, watoto kawaachia jirani na mume hajaja wiki ya pili. Hapo sindano itafanya nini? Na kwenye wodi ambayo nesi mmoja ana vitanda thelathini, kweli nani wa kukaa, hilo nalikubali, lakini raundi inayopita kitanda chake haraka kwa sababu "hapa hakuna cha kufanya" hiyo sio uhaba wa watu tena, ni kutokuelewa.

Halafu mofini, ile dawa kali ya maumivu. Hii ndo wanaiogopa kuliko ugonjwa wenyewe, eti atakuwa teja, eti itamkata pumzi. Kwa mtu mwenye maumivu ya kweli, ukianza na dozi ndogo ukapandisha taratibu huku unamwangalia, hayo ni nadra. Kosa kubwa ni kuandika "apewe akilia". Mofini ya kunywa, ile ya maji, inadumu kama saa 4, kwahiyo inatolewa kila baada ya saa 4 maumivu yasipate nafasi ya kurudi, usisubiri mtu apige kelele ndo uanze kutafuta mwenye funguo ya kabati. Kitu ambacho inaleta karibu kwa kila mtu ni kufunga choo, na ndo wanachosahau. Ukiiandika bila dawa ya kulainisha choo, siku ya nne mgonjwa anaigomea mwenyewe, tumbo limejaa, na wewe unaandika kwenye faili kwamba amekataa dawa.