Masomo na maisha ya kijamii chuoni: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana iliyoenea sana miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Tanzania ni kwamba anayetaka GPA (wastani wa alama, ambao ukomo wake ni 5.0) ya juu hana budi kujitenga na watu. Hesabu yenyewe inaikanusha. Katika mfumo wetu, krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza, na mwaka wa shahada una krediti zisizopungua 120, yaani saa 1,200. Zikigawanywa kwa mihula miwili ya takriban wiki 15 kila mmoja, mwanafunzi anadaiwa saa 40 hivi kwa wiki. Wiki ina saa 168, na hata anayelala saa nane kila usiku hubakiwa na saa 72 baada ya masomo. Ukiondoa kula, kufua na foleni ya daladala, bado ipo nafasi ya kwaya, mpira na marafiki.

Tatizo ni kwamba saa hizo 40 hazionekani zote kwenye ratiba, kwa kuwa ndani yake mna mihadhara, semina, kazi za nyumbani na kujisomea, ilhali ratiba huonyesha vipindi peke yake. Kipindi kikiisha saa sita mchana na kingine kikianza saa kumi, mwanafunzi huziona saa nne za bure, kumbe sehemu yake ilishahesabiwa ndani ya krediti. Pale Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, utawakuta wengi kwenye vimbweta, yaani meza na viti vya zege, chini ya miti, daftari limefunguliwa, simu iko mkononi, mazungumzo yanaanza na kukatika. Jioni wanarudi hosteli wamechoka, wakiamini kwa dhati kwamba wameshinda wakisoma. Kwa maoni yangu, saa za namna hii zina madhara kuliko sherehe yoyote ya Jumamosi, kwa sababu hazimpi mtu elimu wala urafiki.

Wengine husema mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira tu. Ukweli ni kwamba GPA ya mwisho hukusanya matokeo ya miaka yote. Anayemaliza mwaka wa kwanza na 2.8 katika shahada ya miaka mitatu yenye krediti sawa kila mwaka, atalazimika kupata wastani wa 3.85 katika miaka miwili iliyobaki ili afikie 3.5, kiwango cha daraja la pili la juu. Inawezekana, lakini ni mlima.

Vyama vya wanafunzi navyo huhesabiwa kuwa upotevu wa muda. Lakini Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa rais wa Uganda, aliongoza USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi wa Kiafrika, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na Issa Shivji, aliyekuja kuwa profesa wa sheria chuoni hapo, alikuwa mwanachama. Mijadala yao ilikuwa shule ya pili.

Iko pia imani kwamba kukesha wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, hufidia muhula mzima wa starehe. Tangu mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus achapishe utafiti wake juu ya kumbukumbu mwaka 1885, imethibitishwa mara nyingi kwamba yaliyosomwa kwa vipindi vilivyoachana hudumu kuliko yaliyobebwa kwa mkupuo, na ubongo huimarisha kumbukumbu wakati wa usingizi, kwa hiyo anayekesha hujinyima kile kile anachokitafuta. Isitoshe, katika vyuo vingi alama 40 hivi kati ya 100 hutokana na testi na kazi za muhula, ambazo mkesha wa mwisho hauwezi kuzirudisha. Hapa ndipo marafiki wanapofaa hasa: diskasheni, yaani kikundi cha kujisomea, ya watu wanne inayoanza wiki ya pili, kila mmoja akiwaeleza wenzake mada moja bila kutazama daftari, humwonyesha mtu asichokielewa mapema, wakati mhadhiri bado anapatikana ofisini kwake.