Matangazo ya Ndoa na Kadi ya Harusi ni Vitu Viwili

Ofisi yetu ya ndoa hapa Dodoma imekuwa ikipokea malalamiko ya wachumba wanaoona kwamba kusomwa majina yao kanisani Dominika tatu mfululizo ni mambo ya kizamani, ilhali kadi zao zimekwisha kuzunguka katika kila kundi la WhatsApp. Shauku yao tunaielewa. Hata hivyo, kadi humwalika mtu aje kula pilau, na matangazo humtaka aseme anachokijua.

Mtaguso wa Nne wa Laterani, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliagiza matangazo hayo mwaka 1215 ili kuzuia ndoa za siri, kisha mwaka 1563 Mtaguso wa Trento ukataka yasomwe mara tatu. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 umeyaachia Mabaraza ya Maaskofu kupanga namna ya kuyatoa. Kwa hiyo anayedai kwamba Kanisa halibadiliki hajatazama vizuri: Kilatini kiliipisha lugha yetu baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na leo muheme, ngoma ya kina mama wa Kigogo, husindikiza vipaji altareni bila mtu kugeuza shingo.

Katika parokia moja, baada ya tangazo la pili, mama mmoja alimfuata katekista nyuma ya sakristia akamnong'oneza kwamba bwana harusi ana mke. Paroko alipiga simu parokia alikobatizwa kijana huyo, na pembeni mwa jina lake katika daftari la ubatizo palikuwa na mstari mmoja wa wino uliofifia: amefunga ndoa. Ukumbi ulikuwa umekwisha kulipiwa.

Ndiyo maana tunadai cheti cha ubatizo kilichotolewa upya ndani ya miezi sita, kwa kuwa kile mlichopewa utotoni hakiwezi kuonyesha yaliyoandikwa daftarini baadaye. Aidha, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe siku zisizopungua 21 kabla ya siku yenyewe. Matangazo ya Dominika tatu, yakihesabiwa tangu la kwanza hadi la tatu, huchukua siku 15, hivyo anayefika ofisini wiki mbili kabla ya harusi amechelewa kote kuwili, na mshereheshaji au mwenyekiti wa kamati hana mamlaka ya kumwokoa. Askofu anaweza kuondoa sharti la matangazo kwa sababu nzito, lakini ukumbi uliolipiwa si mojawapo.

Wakatoliki wanaofunga ndoa bila ruhusa ya Kanisa mahali pasipo padre au shemasi mwenye mamlaka, au pasipo mashahidi wawili, hawana ndoa halali mbele ya Kanisa, na hawatapokea Komunyo hadi ndoa yao irekebishwe. Barua ya utambulisho ya jumuiya na cheti cha ubatizo viletwe vyenyewe. Picha iliyopigwa kwa simu haipokelewi.