Kampasi ya ng'ambo na usanifu wa mahali: maana yake

Kampasi ya ng'ambo ni tawi ambalo chuo kikuu hulifungua katika nchi isiyo yake. Mitaala na shahada ni vya chuo mama, lakini madarasa, mabweni na kantini viko kwenye ardhi ya watu wengine. Usanifu wa mahali ni ile namna ya kuchora na kujenga ambayo huanza na pale jengo litakaposimama: jua lake, mvua yake, udongo wake, mafundi wake, na jinsi wenyeji wanavyokaa, wanavyoabudu na wanavyokula. Mambo hayo mawili yakikutana huzuka swali: tawi lifanane na nani, na chuo kilikotoka au na mtaa kilipofikia?

Kuna mahali swali hilo limejibiwa mara mbili ndani ya ua mmoja. Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, kilifungua tawi Ningbo, mashariki mwa China, mwaka 2004. Jengo la utawala la tawi hilo liliigwa kutoka Trent Building, jengo jeupe lenye mnara wa saa ambalo kwao Nottingham ndilo sura ya chuo. Tawi la Malaysia, kule Semenyih, nalo likapewa mnara wa aina hiyohiyo. Nia yao inaeleweka: mzazi anayelipa ada ya Kiingereza anataka aone Uingereza kwa macho. Lakini mwaka 2008 kampasi ileile ya Ningbo iliongezewa jengo la utafiti wa nishati lililochorwa na Mwitaliano Mario Cucinella. Kuta zake za kioo zimekunjwakunjwa kwa mfano wa taa za Kichina, na juu kuna uwazi unaoshusha mwanga hadi ghorofa za chini na kuvuta hewa iliyopata joto ipande na kutoka.

Wapiga picha wanazipenda hizo kuta. Mimi naona sehemu ya jengo hilo iliyo ya Ningbo kwelikweli ni ule uwazi wa juu, kwa kuwa ulipimwa kwa joto la pale. Taa ya Kichina inaweza kuchorwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga China.

Hapa Uganda tuna sababu zetu za kulielewa jambo hili. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na mwaka 1949 ikaingia katika mpango maalumu na Chuo Kikuu cha London, wanafunzi wakawa wanafanyia digrii za London juu ya kilima cha Kampala. Mpango huo ulidumu mpaka Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963. Kisheria Makerere haikuwa tawi kama lile la Ningbo, ila mwanafunzi aliyeandika karatasi ya mtihani yenye nembo ya London huenda asingeona tofauti kubwa. Jengo Kuu, lile la mwaka 1941 lenye mnara, halikuchorwa kwa kuuliza Waganda wanajengaje. Hata hivyo lilipoungua Septemba 2020 watu walilia kama waliofiwa, na uamuzi uliopitishwa ulikuwa kulijenga upya kwa sura yake ya zamani. Lilifunguliwa tena mwaka 2024. Miaka themanini ya mahafali, migomo na picha za familia ililifanya jengo la wageni kuwa la wenyeji.

Kwa hiyo mtu asije akadhani asili ya ramani ndiyo kila kitu. Jengo geni huzoeleka, likipewa muda. Tofauti ni gharama ambayo watumiaji wanalipa wakati wanalizoea, na hapo ndipo mchoraji anapopimwa.

Mfano mzuri uko Nigeria. Ibadan nayo ilikuwa chini ya mpango wa London tangu 1948, na kampasi yake ilichorwa na Waingereza, Maxwell Fry na Jane Drew. Hao walijenga majengo membamba ili upepo uingie upande mmoja na kutokea wa pili, wakaweka kuta za zege zenye matundu kukinga jua bila kuzuia hewa. Ife, katika miaka ya 1960, Arieh Sharon kutoka Israel alifika mbali zaidi: majengo ya kitivo cha sanaa na fasihi yamesimama mithili ya piramidi iliyogeuzwa, kila ghorofa imechomoza kupita ile iliyo chini yake, hivyo ya juu ni mwavuli wa ya chini. Mvua ya Ife ikinyesha unaweza kusimama nje ya mlango wa darasa ukamaliza maongezi yako. Wageni walichora, na bado walichora cha mahali.

Tukirudi Kampala, hesabu ya jua ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na Desemba huwa kusini, lakini nyakati zote mbili liko juu sana kiasi kwamba upenu mpana unatosha kulizuia. Linalosumbua ni jua la asubuhi na la jioni, linaloingia kwa chini kupitia mashariki na magharibi. Jengo refu linalolala kutoka mashariki kwenda magharibi, lenye madirisha kaskazini na kusini na kuta tupu kwenye ncha zake, limeshamaliza nusu ya kazi kabla hata ya kununua feni moja. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya bahari na usiku wake una ubaridi. Kiyoyozi darasani hapa, mara nyingi, ni dalili kwamba mchoraji alileta ukuta wa kioo aliouzoea kwao na sasa anautafutia dawa. (Maghorofa ya kioo yaliyojaa katikati ya mji yamechorwa na watoto wetu wenyewe, kwa hiyo tusiwabebeshe wageni peke yao.)

Mvua ndiyo husahaulika. Dhoruba zinazotoka upande wa Ziwa Victoria huja na kishindo, na paa la mabati lisilo na dari likipigwa na mvua hiyo, mhadhara umekwisha: mwalimu anaweka chaki chini, wanafunzi wanatoa simu, watu wanasubiri. Mchoraji aliyekaa Kampala msimu mmoja wa mvua ataweka dari nzito chini ya bati, atapanua upenu ufike mita moja na nusu au mbili, ataweka gata kubwa kuliko kitabu chake kinavyomwambia, na atafunika njia kati ya maktaba na madarasa. Hayo hayapigiwi picha ya jalada, lakini ndiyo mwanafunzi anayoyakumbuka.

Halafu kuna udongo. Pale Entebbe, hospitali ya upasuaji wa watoto iliyofunguliwa mwaka 2021 na Emergency, shirika la misaada ya tiba la Italia, ilijengwa kwa udongo uliochimbwa palepale kiwanjani, ukashindiliwa tabaka juu ya tabaka hadi ukawa ukuta mnene mwekundu. Msanifu wake ni Renzo Piano, akishirikiana na ofisi ya TAMassociati. Ukuta wa unene ule hupokea joto polepole, kwa hiyo ndani hali ya hewa haipandi na kushuka ovyo. Si chuo kikuu, lakini anayetaka kujenga kampasi Uganda na akasema udongo ni wa vijijini, apelekwe Entebbe kwanza. Hata bila fundi wa mshindilio, zipo tofali za udongo za kubana kwa mashine, zinazochanganywa na saruji kidogo na kukaushwa bila moto. Tofali zetu za kuchoma zinakula kuni nyingi mno.

Sasa utamaduni, ambapo ndipo mambo huharibika. Kamati ikisema kampasi iakisi utamaduni wa wenyeji, kinachokuja mara nyingi ni kantini ya mviringo yenye paa la nyasi juu ya vyuma, na ngoma ya zege getini. Ni mgeni aliyeazima kanzu siku ya kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kutambulishana kabla ya ndoa: amependeza kwenye picha, jioni anairudisha.

Hebu tulitazame hilo paa la nyasi kwa karibu. Lenye fahari kuliko yote ni la Muzibu Azaala Mpanga, nyumba ya Kasubi, hapa Kampala, iliyojengwa mwaka 1882 na Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Mutesa wa Kwanza, ikageuka kaburi lake miaka miwili baadaye na baada yake wakazikwa humo makabaka wengine watatu. Ukiingia na kutazama juu unaona pete 52 zilizofumwa, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Kuezeka si kazi ya fundi yeyote aliyeshinda zabuni. Ni haki na wajibu wa watu wa ukoo wa Ngeye, na wengine wana sehemu zao, kama ukoo wa Ngo katika kupamba pete. Ndani pazia la lubugo, kitambaa cha gome la mti, hutenga sehemu ya waliokufa na ya walio hai. Moto wa Machi 2010 ulipoiteketeza, kuijenga upya kulichukua miaka mingi, na sehemu ya sababu ni kwamba nyumba ile haijengwi tu, inajengwa na watu fulani kwa utaratibu fulani. Anayenakili mviringo wake kwa ajili ya mkahawa amechukua umbo na kuacha pete, koo, pazia na wenye kazi. Angefanya la maana zaidi kama angeandika ndani ya mkataba kwamba mafundi wa eneo lile watapewa sehemu ya kazi wanayoijua, hata kama jengo lina pembe nne na paa la bati.

Isitoshe, Buganda si Uganda nzima. Kampasi ya Gulu, kaskazini, ikiwekewa paa la Kasubi itakuwa ngeni kwa Waacholi wa huko kama ambavyo mnara wa Nottingham ni mgeni Ningbo. Huko kitu cha kuuliza ni wang oo, moto wa jioni ambapo wazee hufundisha vijana: je, bweni lina mahali pa watu ishirini kukaa kwa duara gizani bila mlinzi kuwafukuza? Na utamaduni si kabila tu. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichoanza Mbale mwaka 1988 kwa mpango wa jumuiya ya nchi za Kiislamu, kinatukumbusha kwamba ratiba ya swala nayo ni sehemu ya mahali. Kwetu Makka iko kaskazini, ikielekea kidogo mashariki. Safu za wanaoswali, basi, hulala karibu mashariki kwa magharibi, na ukumbi unaofuata safu hizo unageuka wenyewe kuwa ule ule tuliousema, wenye kuta ndefu kaskazini na kusini na ncha zake zikilikabili jua baya. Kibla na kivuli vimekubaliana. Mchoraji amebakiwa na kupanga mahali pa kutawadhia pasipomwaga maji kwenye njia ya wanaokimbilia darasani.

Chini ya kilima cha Makerere kuna mtaa wa Wandegeya. Hapo mwanafunzi ananunua rolex yake (chapati iliyoviringishiwa mayai), anachapisha kazi anayotakiwa kuikabidhi baada ya nusu saa, anakopa, anapanda boda. Hakuna ramani ya chuo inayoionyesha Wandegeya kama sehemu ya kampasi, na hakuna mwanafunzi anayeitenga na kampasi. Michoro mingi ya matawi ya ng'ambo huanza na uzio na geti moja la magari, kisha mwaka wa pili watu wametoboa uzio nyuma ya bweni kwenda kwa muuza chapati. Mchoraji makini hutafuta tundu hilo litatokea wapi, akaliwekea mlango, taa na kivuli cha wauzaji.

Kwa nini chuo cha nje kijisumbue hivi? Sababu nzito kuliko zote ni kwamba matawi hufungwa. Chuo Kikuu cha Texas A&M cha Marekani kilifungua tawi Doha mwaka 2003, na mwaka 2007 kikapata jengo zuri lililochorwa na Mmeksiko Ricardo Legorreta; Februari 2024 bodi yake ilipiga kura ya kuondoka Qatar ifikapo 2028. Yale-NUS ya Singapore, ambayo haikuwa tawi hasa bali chuo cha ubia kati ya Yale ya Marekani na chuo kikuu cha taifa cha huko, ilipokea wanafunzi wa kwanza 2013 na kufungwa 2025. Mkataba una tarehe ya mwisho, kuta hazina. Atakayerithi jengo ni mwenyeji, pamoja na bili yake ya umeme.

Nasi tumeshaanza kupeleka matawi nje. Chuo cha Kampala International, kilichoanza Kansanga, mtaa wa Kampala, mwaka 2001, kilifungua tawi Dar es Salaam, na sasa jina hilo la Kampala linasomwa Gongo la Mboto. Dar iko usawa wa bahari, usiku wake una joto na unyevu, upepo ndio mali. Upenu uliotosha Kansanga kule unahitaji dirisha kubwa mara mbili. Safari hii mgeni anayetakiwa kuuliza wenyeji kabla ya kuchora ni Mganda.

Kwa anayekaa kwenye kamati ya ujenzi, swali moja huchuja michoro haraka kuliko hotuba yoyote ya utamaduni: bawaba ya dirisha hili ikivunjika, fundi wa Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, anaweza kuitengeneza kesho, au tutaandika barua pepe Ulaya na kusubiri kontena?