Upendo si plasta

Jumamosi nyingine, mduara wetu wa kusimuliana majeraha, hapa Lexington, Kentucky. Mama mmoja anasimulia jinsi mwanawe alivyoambiwa darasani arudi msituni kwao. Hajafika mwisho, mzee anadakia: "Mama, samehe tu. Hata bell hooks alisema upendo ndio dawa."

Nimechoka na sentensi hiyo. Inazunguka WhatsApp na maua ya waridi pembeni.

bell hooks, mwandishi Mmarekani mweusi (kwa herufi ndogo, ndivyo alivyotaka, jina la bibi ya mama yake), alizaliwa Hopkinsville, Kentucky hii hii, mwaka 1952, akafia Berea 2021, hata saa moja ya gari haifiki kutoka tunapokaa. Ni jirani. Basi tumsome kwanza.

Katika All About Love, kitabu chake cha mwaka 2000, anachong'ang'ania ni kwamba upendo ni tendo. Anatenganisha kutunza na kupenda: mzazi anaweza kukulisha na kukuvisha huku anakudhalilisha, hapo umetunzwa, hujapendwa. Tena pasipo haki, anasema, upendo haupo. Sasa kumhimiza mama asamehe wakati shule yenyewe haijaulizwa lolote, ni kumpenda nani? Kiswahili kilishatupa "kupenda", kitenzi kabisa, sisi tunakimbilia "upendo" kwa kuwa unapendeza kwenye fulana.

Alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Yale alianzisha kikundi cha wanawake weusi, akakiita Sisters of the Yam. Yam ni kiazi kikuu, msishangae. Kitabu cha jina hilo, cha 1993, kinaanza na kusema kweli, na kuisema mbele ya wenzako, maana kupona kwake ni kazi ya watu wengi. Ndiyo maana kwangu anayesimulia hakatizwi, na neno "samehe" halitajwi mpaka alitaje mwenyewe.

Ila kuna jambo linaninyima usingizi. hooks aliandika akiwa na Wamarekani weusi wa vizazi na vizazi mbele yake. Mama huyu ni Mbembe wa Fizi, Kongo, amekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na saba. Kwamba yeye ni "mweusi" amekuja kuambiwa huku. Nikisema ubaguzi wa rangi ananiitikia kwa adabu tu. Waliomkimbiza kijijini walikuwa weusi kama yeye. Sina hakika mduara mmoja unabeba majeraha yote mawili. Kuna siku watu wanatoka wameelemewa kuliko walivyoingia, na aliyewaita ni mimi.

Mzee nilimwambia, "Baba, subiri amalize," kwa sauti kali kuliko nilivyokusudia. Mama akaendelea. Kumbe mtoto ana wiki mbili hali chakula shuleni. Kopo linarudi na ugali na sombe, yaani kisamvu, vilevile, mfuniko haujaguswa.

Jumatatu tulikwenda shuleni watu sita, mzee akiwemo, kavaa koti. Ofisini mlikuwa na viti viwili. Tulisimama.